Haya ya Kukubali na Haya ya Kuona Haya

Siku moja ya ujana wangu siisahau, mwanangu Rehema, na kwa sababu yake ndiyo nakuandikia. Nilikuwa na miezi miwili tu ya ndoa. Tulikwenda Ipole kumsalimia mama mkwe, mjane aliyeishi kwa mizinga yake ya nyuki. Alasiri akaniuliza, "Mkamwana, twende wote nikarine asali?" Mimi binti wa Tabora mjini, nyuki nilikuwa nawaogopa kuliko simba, maana simba nilikuwa sijamwona. Nikajibu, "Haya, mama."

Ndivyo nilivyofundwa. Somo yangu alinikalisha siku saba akinihubiria neno hilo hilo: ukweni hakuna "sitaki", ukweni kuna "haya". Basi nikaenda. Mama mkwe akanipa mwenge wa nyasi nimshikie moshi, yeye akaingiza mkono mzingani. Nyuki wa kwanza aliponitua shavuni niliutupa mwenge nikakimbia hadi barabarani. Yule mama nikamwacha kule na kundi zima la nyuki, bila moshi.

Alirudi nyumbani macho yamevimba hayafunguki. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Haya yako ile ilikuwa ya kukubali, au ya kuona haya?" Nikaenda kumletea maji ya kunawa. Akasema, "Ungeniambia unaogopa, ningemchukua jirani."

Mwenye akili angejifunza hapo hapo. Mimi nilijifunza kuwakwepa nyuki, basi.

Baba yako mkubwa, kama unavyojua, alikuwa dereva wa treni. Alikuwa akilala Kigoma, kesho yake anarudi Tabora, na kila akirudi habari ni ziwa. Ziwa limetulia, ziwa limechafuka, leo limekuwa kijani. "Nikistaafu, Mama Sadiki, tutakaa juu ya maji." Na mimi huku nachambua mchele: "Haya." Nilidhani ni maneno ya mtu aliyechoka. Mwanamume akichoka husema mengi, nani ana muda wa kumbishia? Miaka ikaenda, neno lile likarudiwa, na haya yangu ikarudiwa.

Akastaafu. Pale Kigoma palikuwa na mzungu mmoja anarudi kwao, ana mashua ya tanga yenye chumba ndani. Baba Sadiki akaja nyumbani uso unang'aa kama wa bwana harusi. "Imepatikana. Twende?" Na mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikasema nini? Sina haja ya kukuandikia.

Huu ni mwaka wa tatu, mwanangu. Nakuandikia nikiwa humu humu mashuani, na karatasi imelala juu ya mfuniko wa sufuria kwa sababu meza ndiyo kitanda, na kitanda hakijakunjwa. Kutoka kitandani hadi jikoni ni hatua moja na nusu. Nikisonga ugali, kiwiko kinagonga mlingoti, maana mlingoti umepita katikati ya chumba, na hakuna aliyeweza kunieleza kwa nini. Chumvi haikai kavu. Jirani akipita na boti ya injini, chai inamwagika, na Baba Sadiki anampungia mkono.

Na usidhani tunasafiri. Mashua imefungwa kwenye gati kwa kamba nne, haiendi popote. Mara mbili tu tumetoka, na mara zote mbili nilitapika hadi nikasahau jina langu. Lakini kila asubuhi saa kumi na mbili mume wangu anavaa kofia yake ya kazi, anakagua kamba moja moja kama mtu anayekagua mabehewa, halafu anachungulia ndani: "Tayari?" Tayari kwa nini, mzee wangu? Tunakwenda wapi? Miaka miwili nilijibu "Haya, tayari," na yeye akaenda kukaa kwenye kiti chake akaangalia maji, ameridhika.

Kilichonikera kuliko vyote ni matobolwa, viazi vitamu vyangu vya kukausha. Unajua mimi bila matobolwa siwezi kunywa chai. Nikachemsha viazi, nikavikata, nikavianika juu ya tanga lililokunjwa, ndiyo sehemu pekee inayopata jua la kutosha. Kila vinapokaribia kukauka, wimbi linaruka, vinalowa. Mara ya tatu vikaota ukungu. Kule nyumbani kwetu Isevya, Tabora, nilikuwa naanika juu ya bati la banda la kuku, nasahau, nakuja kuvianua vimekuwa vigumu kama vijiti.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita, asubuhi moja, Baba Sadiki alikuja na mgeni pale gatini, mtu wa Tabora, ana karatasi. Anataka kununua nyumba ya Isevya. Ile uliyokulia wewe baada ya marehemu mama yako kukuacha mikononi mwangu. Ile aliyofia mama yangu, chumba cha uani. Baba Sadiki aliona haina kazi tena, kwa vile kurudi haturudi. Akanigeukia mbele ya mgeni: "Mwenye nyumba mwenzangu huyu hapa. Mama Sadiki, unasemaje?" Na alikuwa ameshaanza kumpa mgeni kalamu, kwa sababu jibu langu analijua.

Neno lilikuwa ulimini, wallahi. Nikatazama matobolwa yangu yaliyolowa juu ya tanga. Nikasema, "Sitaki."

Alidhani hakusikia vizuri. "Unasema?"

"Sitaki kuuza nyumba. Na mashua hii sikuitaka. Tangu mwanzo."

Mgeni akakumbuka ana shughuli mjini, akaaga. Baba Sadiki hakugomba. Afadhali angegomba. Alikaa ukingoni mwa gati akaikunja kamba, akaikunjua, akaikunja tena, hadi ikaadhiniwa adhuhuri. Ndipo akaniuliza, bila kunitazama, "Na ile haya ya kwanza je? Aliyoniletea mshenga?"

Kisa hicho umekisikia mwenyewe mara ngapi sijui, kila Idi lazima akisimulie: mshenga alivyotoka kwetu akamwambia "Binti amesema haya," na yeye akatembea kwa miguu hadi stesheni akicheka peke yake, watu wakidhani amerukwa na akili.

Ningeweza kumwambia ile ilikuwa ya kweli. Ingekuwa rahisi, na angefurahi. Lakini hiyo nayo ingekuwa haya nyingine. Nikamwambia, "Ile nayo nilisema tu, nilikuwa sikujui. Lakini nilipojifungua Sadiki nikashindwa kuinuka, ukaomba ruhusa kazini, ukakaa uani unanifulia nguo kwenye beseni na wanaume wenzako wanapita wanakucheka. Siku ile ndipo nilipokukubali. Hukuniuliza, na mimi sikukwambia."

Aliiweka kamba chini. Kisha akasema, "Ungeniambia. Miaka yote hii nimekuwa nikimshukuru Mungu kwa siku isiyo yenyewe."

Mwanangu, nilishaumwa na nyuki, nilishazika wazazi. Neno lile liliniuma zaidi.

Nyumba haikuuzwa. Kiangazi kikianza nitakwenda Isevya kuanika viazi vyangu, yeye atabaki na ziwa lake, na kuonana tutaonana, treni ipo. Hatujagombana. Ila hata kwa jambo dogo haniamini tena. Nikimjibu "haya", anasimama, ananitazama, anauliza, "Ipi?" Linanichosha swali hilo, na sina haki ya kulikasirikia.

Basi jana nimekupigia simu kukuuliza kama umemridhia huyo kijana wa Nzega, na wazee wake wanasubiri jibu. Ukanijibu kwa sauti ndogo, "Haya, mama mkubwa." Sikulala vizuri. Heshima nimekufundisha mimi mwenyewe, na neno hilo umelichukua kwangu, kwa hiyo na kosa ni langu. Nakwambia sasa: kama unamtaka, sema namtaka. Kama humtaki, sema simtaki, atakasirika wiki mbili, ataoa kwingine. Kama hujui, sema sijui, na wazee watasubiri, wana kazi gani nyingine? Usimpe mtoto wa watu furaha ya miaka arobaini ambayo siku moja utakuja kumnyang'anya kwenye gati.

Mungu akupe ulimi unaosema kilichomo moyoni mwako, akupe na mume atakayekuuliza mara mbili. Akujalie nyumba yenye bati kavu na jua la kutosha.

Baba yako mkubwa ananiita huko nje, anauliza kama aniletee chai kutoka gatini. Nimemwambia haya. Amesimama, anasubiri. Ngoja nimjibu vizuri, halafu unipigie na wewe unijibu: ipi?