Dereva wa Zamani Hana Kazi

Fundi wetu wa kompyuta hapa hospitali tunamwita Subiri, maana ndilo jibu lake kwa kila aliyekwama. Mpole, ila hawezi kufikiri bila karatasi. Mimi ni wa stoo, tunakaa chumba kimoja, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa.

Alipewa kazi ya kuweka programu ya kulinda umeme. Kila mashine muhimu ina boksi lake la betri. Umeme ukikatika, boksi linaishikilia kwa dakika chache, na programu inatakiwa kutuamsha kabla betri haijaisha. Ili izungumze na boksi, programu inahitaji kile mafundi wanachokiita dereva, na kila aina ya boksi ina wake. Programu ilikuja na madereva zaidi ya mia. Kompyuta aliyopewa Subiri ni kikongwe, kuwajenga wote, yaani kuwaandaa mmoja mmoja wafanye kazi ndani yake, kungemaliza siku na nafasi yote. Basi akazunguka kila chumba, anasoma vibandiko na kuandika. Alipofika ofisi ya usafiri kukagua boksi lao, akaisahau karatasi juu ya meza.

Iliandikwa hivi: "Madereva wa kubaki ni wanne. Wengine wote waondolewe. Yule wa zamani hana kazi tena, aachwe."

Hospitali ina madereva watano wa magari. Wa zamani kuliko wote ni mjomba wake Subiri, aliyemlea tangu hajajua kushika kalamu.

Siku tatu mjomba hakupita kwetu kusalimia. Subiri hata hakugundua. Alishaandika orodha nyingine. Siku ya nne mzee akaingia, kofia mkononi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nina swali moja tu. Ulishindwa kuniambia mwenyewe?"

"Kukuambia nini tena?"

Mzee akaweka karatasi mezani. Subiri kuisoma tu, akaangua kicheko, na mimi nikamfuata, Mungu anisamehe. Akamvuta mjomba mbele ya kompyuta, akamwonyesha majina yote na kumweleza kila dereva ni wa boksi gani. Mzee alifuatilia kwa kidole, mstari kwa mstari, bila kucheka.

"Na huyu wa zamani?"

"Wa lile boksi jeusi la friji ya damu. Lilikufa, likapelekwa kwa mafundi. Halirudi lile."

"Limerudi. Nimelileta mwenyewe Jumatatu. Liko kazini sasa hivi."

Kicheko kikaisha. Friji ya damu ingekaa bila mlinzi, na tungejua damu ikishaharibika. Subiri akamrudisha dereva wa zamani kwenye orodha, akaanza kujenga upya.

"Lakini mjomba, uliaminije kitu kama hiki? Mimi nikufukuze wewe?"

"Mwandiko ni wako. Nimekufundisha mimi."

Akatoa bahasha mfukoni mwa shati, akaichana mara mbili, akaitupa kwenye kapu letu. Akavaa kofia, akasema gari linamsubiri.

Alipotoka, Subiri aliinama kapuni, akaviokota vipande na kuviunganisha juu ya meza. Ilikuwa barua kwa mganga mkuu, fupi, ya mtu asiyezoea barua.

"Naomba kuacha kazi kwa hiari yangu. Fundi wa kompyuta asilaumiwe na mtu."