Sindano ya Santuri ya Bibi

Jumapili, saa tisa na robo alasiri, hapa kwetu Gitega, Baba Mdogo alivunja sharti la bibi.

Sharti lenyewe ni jepesi. Sahani ya muziki ikianza kuzunguka kwenye santuri, hakuna kusema mpaka upande uishe. Ukisema, unaosha vikombe vyote. Bibi, fundi cherehani, alipofariki, tuliendelea: mama, mimi na majirani wanne wa kike, mkekani, chai ya tangawizi katikati. Kila sahani bibi aliishonea mfuko wa kitenge, kipande kilichobaki kwenye nguo ya jirani mmoja. Hakujua kusoma. Alikuwa akiniambia, "Lete ya mama sambusa," nami najua ni ule mfuko wa njano wenye vifaranga.

Basi Baba Mdogo katoka Muyinga, kakaa kitini, sisi tuko chini. Wimbo wa pili haujafika hata katikati, akasema: "Hii mashine kesho naenda nayo. Itapendeza pale dukani, wateja watapiga picha. Na haya matambara mutoe, ntaweka plastiki."

Mama alitazama kikombe chake. Mimi, ambaye darasani nikiulizwa swali natokwa jasho, nikasikia sauti yangu: "Baba Mdogo, upande haujaisha."

"Unasema na nani, we mutoto?"

"Na wewe. Vikombe viko saba."

Mama sambusa akacheka mpaka chai ikamtoka puani. "Ehe! Leo muosha vikombe amepatikana!"

Hakuosha. "Santuri iko ya mama yangu," akasema. "Kesho saa moja iko ndani ya gari. Voilà."

Kweli, ilikuwa ya mama yake. Lakini tangu mazishi hajakaa na sisi hata upande mmoja. Nililia chooni, sitaficha. Vikombe nikaviosha mimi, kwa hasira, kimoja kikavunjika kishikio.

Asubuhi nilivaa sare ya shule, nikachomoa sindano ya santuri, nikaizungushia pamba, nikaitia kwenye kisanduku changu cha kompasi. Baba Mdogo alipokuja na kamba za kufungia, nikamtolea salamu kwa heshima kama nilivyofundishwa.

"Mashine iko hapo," nikamwambia. "Sindano naenda nayo shule. Ukitaka kusikia kitu, Jumapili tunaanza saa tisa."

Aliniita mara mbili. Nilitoka na mkoba wangu mgongoni, na sikukimbia.