Vibao Vilivyong'aa Kupita Kiasi

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, lakini juzi nilijitolea kupeleka pikapu ya mke wangu kwa ukaguzi. Isipopita, haendi Garbatulla kununua mbuzi. Nikafungua vibao vya namba, na kwa wema wangu nikafungua pia vya gari la jirani yetu Abdi, nikavisugua vyote kwa jivu, nikavirudisha.

Kwa ukaguzi nikajigamba: "Afisa, hizo namba unazisoma hata ukiwa mbali kule Gotu!"

Akazunguka gari polepole. "Nimezisoma, mzee. Ya nyuma ni ya hii gari. Ya mbele ni ya nani?"

Kabla sijajibu, simu ikalia. Alikuwa Abdi.

"Salaam aleikum, Baba Kendi. Polisi wamenisimamisha, wanauliza gari yangu na ya mke wako zilioana lini."