Matairi ya Mama Auma

Wiki iliyopita, pale mtaani Wandegeya, nilimwona fundi akichonga tairi kuukuu kwa kisu cha moto, na harufu ya mpira ulioungua ikanichefua.

Utotoni niliipenda harufu hiyo. Mchana ule baba alipokwenda nami kununua matairi ya gari alilokuwa akiliuza, nilidhani matairi mapya hutengenezwa hivyo: fundi alichonga mistari, akapaka rangi ya viatu, yakang'aa.

"Yatamaliza mwezi?" baba aliuliza.

"Afande, yatakufikisha kwa mnunuzi," fundi alijibu, wakacheka.

Jioni jirani yetu, Mama Auma, alikuja na watoto wake watatu kuchukua gari alilolinunua kwa baba. Akauliza kama matairi ni mapya. Baba alikohoa tu. Kinachonichefua zaidi ni sauti yangu, jinsi ilivyojaa fahari: "Mapya, mama! Nimeyaona yakitengenezwa!"