Tulifikia Bologna siku tano kumtafuta Sista Agnese, ratiba yangu ikatuponza

Wakuu, salaam kutoka Bredäng, Stockholm. Kuna mdau ameuliza afikie mji gani Italia ili azunguke na mingine. Nitaeleza yaliyonikuta mimi mwenyewe, siongezi chumvi. Hasira bado ninazo, na nyingi ni za kujikasirikia.

Mwaka juzi, Novemba, mimi na mke wangu tulipata likizo pamoja kwa mara ya kwanza tangu tuoane, binti yetu Nina tukamwacha kwa jirani. Yeye anahudumia wazee kule Skärholmen, mimi naendesha basi. Waliowahi kupanga shifti za watu wawili wananielewa.

Mke wangu ni Mrundi aliyekulia kambini Kigoma. Mama yake alipofariki, alilelewa na mtawa wa Kiitaliano, Sista Agnese. Barua ya mwisho ya sista ilitoka Ravenna, miaka minne nyuma. Mke wangu alikuwa na ombi moja tu: amwone akiwa hai.

Mimi nikajifanya mtaalamu. Nikasoma mtandaoni kwamba Bologna ndiyo base nzuri, treni zinakwenda kila upande. Hapo sibishi. Ni mji wa kale, njia za waenda kwa miguu zina paa, mvua inanyesha na hulowi.

Tukafika Jumapili. Ratiba nilishaiprinti: Jumatatu Florence, Jumanne Venice, Jumatano Ferrara, Alhamisi Ravenna, Ijumaa mchana ndege.

Mke wangu aliuliza kwa nini Ravenna iwe mwisho. Akaomba angalau tupige simu kwanza. Nikamjibu, mtawa mzee ataenda wapi?

Sasa sikieni.

Florence, makumbusho niliyoyafuata hufungwa Jumatatu. Tuliangalia mlango.

Venice, maji yalikuwa yamepanda. Tulipita juu ya mbao kwa foleni, viatu chapachapa, mimi nikipiga picha peke yangu.

Jumatano, mgomo wa treni. Tulikaa stesheni mpaka saa nane mchana, tukarudi chumbani. Ferrara siijui mpaka leo.

Muda wote huo mke wangu hakulalamika hata mara moja. Hilo lilinikera kuliko mgomo.

Alhamisi tukafika Ravenna. Mlango wa nyumba ya watawa ulifunguliwa na sista kijana. Mke wangu akampa ile bahasha ya barua. Kwa Kiingereza cha kuungaunga na mikono, akatueleza kwamba Sista Agnese alihamishwa miaka miwili iliyopita, akapelekwa kwenye nyumba ya watawa wazee.

Bologna.

Akaandika anwani. Ni mtaa wa nyuma ya chumba chetu, wakuu. Tulikuwa tukiupita kila asubuhi kwenda stesheni.

Tukapanda treni ya kurudi Bologna. Tulipofika, muda wa wageni ulikuwa umekwisha. Tukaambiwa turudi asubuhi, na kwa sababu ya ndege tulikuwa na nusu saa tu.

Sista alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, macho hayaoni vizuri. Mke wangu aliposema "Shikamoo Sista," yule bibi akamtaja kwa jina papo hapo. Akampapasa uso, akauliza kwa Kiswahili cha Kigoma tumefika lini.

"Jumapili," mke wangu akajibu.

"Na siku zote hizi mlikuwa wapi?"

Mke wangu akanigeukia. "Mwambie, Baba Nina."

Nikasema nilikuwa namtembeza aione Italia. Sista akacheka sana. Mke wangu hakucheka.

Sista alifariki kabla ya Pasaka. Nusu saa ile ndiyo waliyopata.

Kwa hiyo mdau, Bologna nenda, ni base nzuri kweli. Ila kama kuna mtu unayemfuata, piga simu kabla hujakata tiketi, na siku ya kwanza iwe yake. Majengo yapo miaka mia tano, hayana haraka.

Mliowahi kuharibu safari ya mwenzenu kwa ujuaji, semeni hapa mlisameheweje. Mimi picha za Venice bado sijaruhusiwa kuzitundika.