Pesa za Sanda Melini

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Nimeogopa mbwa, ngurumo, mabonde yanapojaa maji, na wakaguzi wa skuli. Lakini hofu iliyonipata mbele ya mashine ya benki pale Matrah, mchana kweupe, watalii wakinipita na kofia zao za majani, sijapata kuionja kabla yake wala baada yake.

Wakati huo nilikuwa nasomesha skuli mjini Ibra, Oman, naishi na mama yangu, sote wawili tu. Kaka yangu alikuwa na kazi Dubai, na mwaka ule akatununulia tikiti mbili za meli ya matembezi, ile inayotoka Dubai, ikazunguka bandari za Ghuba kwa siku tano na kurudi palepale.

"Mama alikuja Oman kutoka Unguja na meli, amelala sitahani juu ya mabunda yake," aliniambia kwenye simu. "Safari hii na alale kitandani."

Mama alikataa mara tatu, kama inavyotakiwa, na mara ya nne akaanza kukunja nguo. Kitu cha mwanzo alichokunja kilikuwa sanda yake. Wazee wetu wengi wanayo, imewekwa chini ya sanduku. Ya Mama ilikuwa bafta nyeupe, vipande vya kafuri, kichupa cha marashi, na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani ya fundo mlikuwa na riyali mia tano za kuzikiwa kwake na za kuwalisha watu siku tatu za msiba, asije akazikwa kwa mchango. Alizikusanya kwa miaka katika soko la wanawake la Jumatano, akiuza kofia alizozishona mwenyewe, kitobo baada ya kitobo.

"Mama, unakwenda matembezi na sanda?"

"Nchi kavu kuna majirani. Baharini nani anayenijua?"

Mama alikuwa na namna ya kukujibu ambayo haikuachii pa kuushika mjadala.

Mimi nami nilikuwa na amana yangu, ila yangu ilikuwa benki. Wanawake kumi na wawili wa mtaani petu tulikuwa tunacheza mchezo: kila mwezi kila mtu anatoa riyali mia, na mmoja anapokea zote. Kwa kuwa mimi ni mwalimu na nina kadi ya benki, walinifanya mshika pesa. Mwezi ule tulikubaliana wote zamu apewe jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mjane mmoja aliyeota uvimbe shingoni. Alishakata tikiti ya kwenda Bombay kukatwa, safari Jumapili. Sisi tungerudi Ijumaa, na Jumamosi asubuhi ningemkabidhi riyali zake elfu moja na mia mbili.

"Ziache hukohuko benki," aliniambia siku ya kuagana, kiganja kimeshika shingo. Siku hizo hata kumeza mate kulikuwa kunamtaabisha. "Mie nakuamini weye kuliko mkoba wangu."

Maneno hayo nilipanda nayo melini.

Huko melini pesa hazipiti mkononi. Unachokunywa na unachonunua kinaandikwa kwenye kadi ya chumba, wewe unatia saini, na siku ya mwisho hesabu inaletwa. Lakini kabla hujaingia, dawatini wanataka uweke kitu: kadi ya mkopo, kadi ya benki, au dola mia tatu taslimu kwa kila kichwa. Kadi ya mkopo nyumbani kwetu haikutajwa, Mama akiiita kadi ya riba. Taslimu nilikuwa na dirham za kununulia chai. Nikatoa kadi ya benki.

"Ni dhamana tu," alisema bwana wa dawati kwa Kiarabu chake cha kujifunza, na akaipitisha kadi mashineni.

Dhamana naijua, nikajisemea. Ibra ukikodi sufuria kubwa za harusi, unamwachia mwenye duka kitambulisho chako, anakitia kwenye droo. Ukirudisha sufuria, unarudishiwa kitambulisho chako kama ulivyokiacha. Hakuna anayekifungua akachota kitu ndani yake. Na kadi nilirudishiwa palepale, nikaona mambo yamekwisha. Mwalimu mzima, napima dola kwa sufuria za pilau.

Mama alipewa kadi yake ya chumba, akaivaa shingoni na utepe wake wa buluu. Siku ya kwanza hiyohiyo tukajuana na dada watatu wa Nizwa, watu wazima, ambao wazee wao walitokea Bujumbura. Kiswahili chao cha bara kilimchekesha Mama, na cha Mama cha Unguja kiliwachekesha wao. Wakawa hawaachani. Asubuhi kahawa, mchana maji ya matunda, alasiri kahawa tena na vikeki.

Na kwetu, mwenye kutujua anajua, bili haijadiliwi, inapiganiwa. Mhudumu akija na kalamu, mikono minne inanyooka kwa pamoja.

"Wallahi hamlipi!" Mama anaapa.

"Lakini Bibi, asubuhi ulitoa wewe!" mkubwa wa wale dada analalama. "Tuachie na sisi."

"Asubuhi mie, saa hizi mie, na kesho mie, inshallah. Mie mkubwa wenu. Mnataka kunitoa heshima mbele ya watu?"

Basi, wanashindwa. Mama anaitoa kadi kwenye utepe, kisha anatia saini kwa herufi za Kiarabu, polepole, ulimi ameuuma kidogo. Siku ya pili aliwapigisha picha, nakala moja kila mmoja, akawanunulia na mitandio dukani melini, mitatu ya hariri. Nilimwona anatia saini. Sikumzuia. Tangu baba yetu afariki sikuwa nimemwona Mama akicheka mpaka anashika mbavu, na nilijiambia hesabu ya mwisho nitaibeba na mshahara wangu, itakuwa ngapi hata hivyo?

Siku ya tatu meli ikatia nanga Matrah, bandari ya Maskati. Nilishuka peke yangu nimtolee Mama riyali ishirini, alitaka ubani wa sokoni. Nikaiambia mashine inionyeshe salio kwanza, kwa mazoea tu. Palitakiwa pawe na riyali elfu moja na mia tatu: za mchezo, na mia moja zangu. Mashine ikasema mia nane na kitu.

Niliichomoa kadi, nikaipangusa na shela yangu, nikaitia tena. Mia nane na kitu.

Nilihisi baridi juu ya jua lile la Matrah, na mkono ulionipanda shingoni ulikuwa mkono wangu mwenyewe, nimejishika palepale anapojishika jirani. Nilimwona Jumamosi asubuhi amekaa barazani kwetu na abaya yake ya safari, na mimi namwambia sina. Nilimwona anasema "Hapana neno," kwa sauti ile isiyotoka sawasawa. Tulipokuwa wadogo, Mama alitufunza kwamba mla amana hana sala. Sikula, nilijitetea, wallahi sikula. Lakini pesa hazikuwepo.

Teksi za kwenda Sharqiyah, mkoa wetu, ziko karibu pale. Ibra ni mwendo wa saa mbili. Niliwaza kukimbia, nimwache Mama melini na wale dada zake, nikajifungie chumbani kwangu. Mwoga hufikiri hivyo. Kisha nikarudi melini bila ya ubani.

Dawatini safari hii palikuwa na mama mmoja mpole, na upole wake ukanitisha zaidi. Alinichapia karatasi mbili zilizojaa kahawa. Kila mstari una saini ileile ya Mama, imechanuka. Akanieleza: dola mia sita za dhamana, kama riyali mia mbili na thelathini, zimefungwa tangu nilipopanda, na kila matumizi yakiongezeka, yanafungwa na hayo. Kilichotumika kitachukuliwa siku ya mwisho. Kisichotumika benki itakifungua.

"Lini?"

"Siku saba. Pengine kumi na nne."

"Kesho kutwa haiwezekani? Kuna mgonjwa." Nikaanza kulia mbele ya foleni ya Wajarumani.

Akasikitika kweli. Lakini mlango wa kufungulia, alisema, haukuwa kwake.

Sikuwa na la kufanya ila kumwambia Mama, na hapo hofu ikawa mbili. Nilimkuta chumbani ameshasali alasiri, tasbihi mkononi. Nilimweleza habari ya dhamana. Ya kahawa sikuyataja. Nilisema meli imezikamata pesa zote zile kwa ajili ya dhamana, Mungu anisamehe, kwa sababu nisingeweza kumwambia mama yangu kuwa mitandio aliyowatunza wageni imetoka shingoni kwa jirani.

Tasbihi ikasimama.

"Amana?" akauliza.

"Amana, Mama. Inapungua mia nne."

Akainuka, akaliburura begi lake kutoka chini ya kitanda, akaifunua ile bafta. Harufu ya kafuri ikajaa chumba kizima. Akafungua fundo kwa meno.

"Hesabu."

"Mama, hizi ni za kuzikiwa."

"Nimekufa?" Alinitazama kwa ukali. "Hesabu, mwanangu. Amana ya mtu hailali."

Nikahesabu riyali mia nne. Zilizobaki akazifunga, fundo likawa dogo kama tende.

"Sasa nisikilize," akasema. "Hizi nimekukopesha, sikukupa. Na mie kwa mchango sizikwi, nshakwambia tangu zamani. Basi mpaka unilipe, sifi. Nishatia nia."

Nilicheka, naye akacheka. Halafu nikaanza kuikunja ile bafta. Mpaka siku ile sanda ya Mama ilikuwa kitu cha chini ya sanduku, kama mashuka ya wageni. Sasa nilikuwa nimeishika mkononi, na nilijua kwamba Mama atakufa. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili, na lilikuwa jambo jipya kwangu.

Kesho yake mhudumu alipokuja na kalamu, mikono mitatu ilinyooka. Mama alikuwa ameiweka yake mapajani.

"Leo lipeni nyinyi," akawaambia wale dada wa Nizwa. "Msije mkasema nawanyima thawabu."

Hakunitazama. Sijui aliziona lini zile karatasi za hesabu. Nilikuwa nimezikunja nikazitia ndani ya kiatu.

Ijumaa kaka yangu alitupokea Dubai, akatuendesha hadi nyumbani. Tulipokaribia Mudhaibi, si mbali na kwetu, Mama akaanza kukohoa, kikohozi kidogo cha kiyoyozi cha gari, na kila akikohoa mimi nageuka. Mara ya tano akanikemea: "Nishakwambia nina ahadi. Tazama mbele!"

Jumamosi asubuhi jirani alikuja. Nilizitoa mia nane mashineni, nikazichanganya na za Mama, nikampa elfu moja na mia mbili mkononi mwake. Hakuzihesabu. Zilikuwa na harufu ya kafuri, akanusa, akasema, "Mmezifukiza?" Mama akamwambia ndiyo, za safari njema. Akaenda Bombay, akakatwa, akarudi na kovu na sauti yake ya zamani, na sauti hiyo tuliisikia ukutani kila siku akigombana na kuku.

Pesa za dhamana zilifunguliwa baada ya siku kumi na moja. Wiki hiyohiyo mshahara ukaingia, ukajazia za kahawa na mitandio. Nilizitoa zote mia nne, noti mpya, nikazitia pochini niende nikamlipe Mama.

Nilifika nyumbani, nikamkuta barazani anashona kofia, jua la asubuhi limempiga mikononi. Mikono imekuwa myembamba. Sikujua imekuwa hivyo tangu lini. Nikakaa. Nikazungumza habari za skuli, habari za bei ya samaki wa Sur. Pochi sikuifungua. Siku ya pili sikuifungua. Siku ya tatu ilikuwa Jumatano, alikuwa anajitayarisha kwenda sokoni, na akauliza mwenyewe, kama mtu anayeuliza chumvi.

"Benki wameshafungua?"

"Bado, Mama," nikasema.

Pochi ilikuwa juu ya meza baina yetu, imetuna. Mama akaitazama, akanitazama mimi, akaufunga mtandio wake vizuri.

"Haya," akasema. "Hakuna haraka."