Nahodha Aliyekufa Jumanne Mchana

Kwa sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video ya Morogoro, kuna sheria moja ambayo hata mkuu wa wilaya haigusi: steringi hafi. Steringi, yaani mhusika mkuu, anaweza kupigwa risasi, kutupwa korongoni, kuachwa na mchumba. Kufa, hapana. Ndiyo maana ukiingia bandani ukakuta muvi imeshaanza, huulizi inahusu nini. Unauliza, "Steringi nani?" Ukioneshwa, unakaa, moyo umetulia.

Mimi nauza viatu vya mtumba. Ni kazi inayokufundisha kuhesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza unahesabu viatu na mara ya pili unahesabu jozi, na majibu hayo mawili huwa hayapatani. Sidanganyiki kirahisi. Lakini nilinaswa na tamthilia moja ya watu waliopotea angani, mbali huko ambako hata jua letu halionekani, wanatafuta njia ya kurudi nyumbani.

Nahodha wa chombo chao alikuwa mwanamke mfupi, uso wa kawaida, mwenye tabia ya kupatana bei na kila kitu. Maharamia wakimzuia, anapatana nao. Mashine inayoendesha chombo ikigoma, anapatana na mashine. Kuna sehemu alikutana na kiumbe kisicho na kichwa, nikajiuliza hapa sasa ataongea na upande gani. Akapatana nacho, tena akaondoka na nyongeza. Nilimpenda kuliko ninavyowapenda baadhi ya ndugu zangu.

Nilikuwa nawekewa kwenye flashi na bwana mmoja mwenye kibanda karibu na stendi ya Msamvu, ile iliyotafsiriwa. Watafsiri wetu mnawajua: mtu mmoja anaongea juu ya sauti za wote, wanaume, wanawake na mitambo, na akiona maongezi yamekuwa makavu anatia chumvi yake. Nadhani kwa Kiingereza yule fundi wa chombo alikuwa anaeleza mambo mazito kuhusu nishati ya nyota. Kwetu alisema, "Kamanda, wese limekata, na sheli ya karibu ni safari ya miaka mia."

Msimu wa pili ulinikuta nina mgeni. Mjomba wangu, kaka mkubwa wa marehemu mama, aliteremka kutoka Matombo na mikungu miwili ya ndizi na macho mawili yaliyojaa ukungu. Mtoto wa jicho, daktari alisema, pande zote. Wangeanza na la kulia, Alhamisi ya wiki iliyofuata. Kwetu Waluguru mjomba si mgeni wa kununuliwa soda ukamaliza. Ukoo wangu ni wake, na kesi za mashamba ya ukoo zinamsubiri yeye. Sasa mtu huyo alikuwa ameanza kuanguka kwenye makorongo ya shamba lake mwenyewe, na siku chache kabla ya kuja alimwitikia mbuzi marahaba. Hilo alinisimulia mke wake. Yeye mwenyewe anasema mbuzi ndiye aliyeanza.

Bila operesheni, mwaka ambao ungefuata angekuwa anashikwa mkono kwenda chooni. Alilijua hilo, na mimi nililijua, ila hatukulitaja.

Mchana wa kwanza alikaa kwenye kochi, akageuzia sikio luninga.

"Steringi nani?"

"Huyo nahodha, mjomba. Mwanamke."

"Hana shida. Hafi?"

"Hafi."

"Basi washa."

Hakuona kitu zaidi ya vivuli, lakini mtafsiri alimtosha. Kufikia siku ya tatu alikuwa anamkaripia yule fundi kwa uvivu, na tukiwa mezani aliniuliza kama kwenye chombo wana ugali. Tulipokwenda hospitali kupimwa, muuguzi alimwuliza kama anaogopa kisu. "Binti," akasema, "kwenye ukoo wetu mimi ndiye steringi." Muuguzi akacheka, akamwandika.

Halafu ikaja Jumanne, siku mbili kabla ya operesheni. Tulikula wali na maharage, nikawasha.

Sehemu ile yote ilikuwa giza. Chombo kilikuwa kimetoboka, wakazima taa zote ili kubana matumizi, na mashine ikatangaza kwamba hewa iliyobaki inawatosha watu sita. Nahodha akahesabu watu wake. Saba. Akahesabu tena, na hapo nikamwona kama dada yangu wa tumbo moja. Nami nikahesabu, nikapata saba. Akaanza kupatana na mashine: tukilala je, tukipumua kwa zamu je, tukikaa kimya je. Mashine ikajibu kila mara, sita. Sijawahi kuona muuzaji mgumu namna ile. Hewa haikushuka bei.

Akawaambia wenzake waingie kwenye chumba cha nyuma, yeye anakuja. Akafunga mlango kwa nje. Baada ya muda mrefu mlango ukafunguliwa, tochi ikammulika usoni, macho yake yako wazi. Mtafsiri, mtu ambaye hajawahi kunyamaza tangu nimfahamu, alinyamaza. Kisha akasema taratibu, "Ndugu mtazamaji, hapa hata mimi nimeishiwa."

"Mbona kimya?" mjomba akauliza. "Umeme umekatika?"

"Haujakatika, mjomba."

"Anasema kaishiwa nini?"

Nikainuka, nikazima luninga.

"Kafa?"

"Kafa."

Mjomba aliinuka, akapapasa ukuta mpaka chumbani, na nilipomfuata nilimkuta anakunja shati jipya nililomnunulia kwa siku ya operesheni, analitia kwenye begi.

"Mjomba, unafanya nini?"

"Kesho mchana kuna gari la Matombo. Nakwenda."

"Na jicho?"

"Mwanamke kapita kwenye moto wa nyota, kapita kwa wasio na vichwa, kaja kufa kwa kukosa hewa. Mimi nikalale pale, mtu anichokonoe jicho kwa wembe? Kama yule kafa, mimi nani?"

Asubuhi yake niliacha viatu kwa jirani, nikaenda kibandani Msamvu kama mtu aliyeuziwa raba mbili za mguu wa kushoto. Nikaiweka flashi mezani.

"Nibadilishie hii."

"Inakwama, mama viatu?"

"Haikwami. Steringi kafa."

Aliishika, akaigeuza huku na huku, labda kifo kimeganda ubavuni. "Kafa kweli, au kafa kimuvi?"

"Wamemmulika tochi usoni."

"Ah. Basi kafa kweli."

"Wewe ndiye uliyeniambia hafi."

"Mama, mimi nakuwekea tamthilia. Uhai wa watu sikuwekei."

"Basi nipe sehemu ya mbele, nione kama anafufuka."

"Mtafsiri hajaileta. Nasikia ana msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wa huyo huyo nahodha, nadhani."

Nilirudi nyumbani mikono mitupu, na njia nzima nilipiga hesabu ya kitu kimoja: nina nini cha kupatana nacho. Mjomba nilimkuta sebuleni, begi mapajani, amevaa koti.

"Kafufuka?"

"Bado hawajui. Lakini mjomba, nimekaa nimefikiri. Hivi mimi nilimwona?"

"Jana ulisema kafa."

"Nilisema kwa sababu mtafsiri kanyamaza. Lile giza hata vidole vyangu nisingeviona. Uso sikuuona, mwili sikuuona. Nilisikia tu, kama ulivyosikia wewe."

Ule ulikuwa uongo mweupe kama unga wa sembe, na nilijua ninauuza wapi. Mjomba huyu kwenye kesi za mipaka anajulikana kwa jambo moja: shahidi aliyesikia humfukuza barazani. "Masikio hayajawahi kupanda mgomba," huwa anamwambia.

Vidole vyake vilikuwa vinacheza na zipu ya begi.

"Kwa hiyo aliyeona hakuna."

"Hakuna."

"Na mtafsiri?"

"Mtafsiri kazi yake kuongea."

"Kesi hii basi haijaamuliwa."

"Itaamuliwaje, mjomba, na hapa ndani hakuna jicho la maana?"

Akaliweka begi sakafuni, gari la Matombo likajaze abiria wengine. Kisha akatoa masharti yake: jicho moja tu, la kulia. Likipona, kitu cha kwanza kutazama ni sehemu hiyo, na mimi nisiiguse mpaka wakati huo. Nilibishana kidogo ili asishtuke kwa urahisi wa bei, kisha nikakubali. Akavua koti.

Operesheni ilikwenda salama. Ijumaa muuguzi alipobandua bandeji, mjomba alitazama dirisha, akatazama mikono yake, akanitazama mimi kuanzia juu mpaka chini.

"Mwipwa," akasema, "umenenepa."

Daktari alipomruhusu kutazama luninga, nilivuta pazia na kuwasha. Alikaa mbele kabisa, mgongo umenyooka kama yuko barazani. Ikapita ya hewa, ikapita ya kuhesabu watu, ukafungwa mlango. Mimi nilikuwa nimeanza kutazama sakafu. Ikaja tochi.

"Simamisha hapo."

Nikasimamisha. Uso wa nahodha ulijaa kioo kizima, mpaka kope zingehesabika.

"Huu ndio uso ambao hukuuona?"

"Siku ile giza lilikuwa zaidi, mjomba."

"Tochi wameileta leo?"

Alinigeuzia lile jicho jipya, linang'aa, halina ukungu hata chembe, akanitazama kwa raha ya mtu anayejaribu kifaa chake. Kisha akarudi kwa nahodha na kumkagua muda mrefu.

"Kafa," akasema. "Wenzake sita wamepumua. Hana deni na mtu." Akajifuta shavu kwa kiganja, akaegemea kochi. "Faini ya kumdanganya mjomba ni jogoo, utaniletea mwenyewe Matombo. Na kesho uwaulize hospitali hili la kushoto wanalipokea lini. Safari hii usinidanganye, nitakwenda mwenyewe."